Mwalimu Asiyeimba

Mpaka leo Chozi hajaelewa jinsi Mwalimu Mbuni, asiyeweza kuimba hata mstari mmoja, alivyowafundisha uimbaji. Bado anazikumbuka Jumamosi zile: ndege vijana sita, yeye na Kasuku wakiwamo, wakijiandaa kwa usaili wa Chuo cha Kwaya, na Mbuni akiwasikiliza, shingo ameiinamisha. "Rudia, mwanangu," alikuwa akisema. "Hapo hukuwa wewe."

Kasuku alichoka. "Mwalimu, basi tuimbie wewe tusikie!"

Darasa likaangua kicheko. Mbuni akawaaga kwa upole, akaenda zake.

Vijana wakamleta Chiriku, mwenye sauti tamu kuliko wote. Kila alichoimba walikiiga, wakafurahi.

Siku ya usaili waliimba mmoja mmoja. Mtahini, Bi Korongo, akafunga daftari. "Wanangu, nimemsikia Chiriku mara sita. Ninyi wenyewe mtakuja lini? Nawapa mwezi mmoja."

Waliporudi, Chozi akasema wanamhitaji yule asiyeimba, wala hakuna aliyebisha. Ikaamuliwa Mbuni aombwe radhi na kurudishwa. Aliyekwenda ni Kasuku, tena kwa miguu, njia nzima akitafuta maneno yake mwenyewe.