Sepetu ya Gawn Abernethy

Matthew Abernethy hakumtazama mgeni usoni. Alimtazama viatu.

Vilikuwa viatu vya mjini, vyembamba, vya mtu ambaye hajawahi kukanyaga tope la Antrim, kaskazini mwa Ireland. Mgeni mwenyewe, Lyle Abernethy, alikuwa ametoka Pennsylvania, na sasa alikaa jikoni akila mkate kwa siagi kama mtu aliyekwisha kuirithi meza.

"Mzee wetu Andrew alipanda meli bandari ya Larne mwaka 1729," Lyle alisema. "Kodi ya shamba ilikuwa imepanda, mvua nayo imeharibu mavuno. Kaka yake akabaki hapa hapa. Huyo ndiye babu yenu."

"Umeeleza vizuri," Matthew alijibu. "Vizuri mno."

Sadie, dada yake, aliweka birika mezani. "Kaka, wewe ndiye uliyetangaza kwenye gazeti la kanisa huko Marekani kwamba unatafuta ndugu. Amekuja, sasa unamhoji kama mwizi wa kondoo."

"Aliyesoma tangazo amesoma pia ukubwa wa shamba."

Shamba ndilo lililokuwa jambo lenyewe. Matthew alikuwa amevuka miaka sabini, hana mke wala mtoto, na mwanasheria angekuja Jumatatu kuandika wosia. Baada ya Sadie, ndugu wa karibu alikuwa Olive, binti wa Sadie, aliyeishi ng'ambo ya kilima. Lakini Olive aliolewa na Mkatoliki, Dermot Mulhern, na tangu siku ya harusi Matthew hakulitaja tena jina lake. Ardhi ambayo Gawn Abernethy aliipata mwaka 1613, alipovuka bahari kutoka Uskoti, haingerudi kwa Wakatoliki ambao Gawn aliwakuta hapa.

Juu ya meko ilining'inia sepetu ya huyo Gawn. Mpini wake ulikuwa umebadilishwa mara kadhaa, lakini chuma kilikuwa kile kile: kirefu, chembamba, bega lake la kukanyagia limelika kwa viatu vya watu waliokwisha kufa. Kila Jumamosi Matthew alikipaka mafuta. Hakuna aliyechimba nacho tangu enzi za babu yake. Ingekuwa kama kunywea chai kwenye kikombe cha meza ya Bwana.

Siku hiyo aliishusha.

"Njoo," alimwambia Lyle. "Mwenye damu ya Gawn na achimbe kwa chuma cha Gawn."

Lyle alivua koti kwa furaha, akatangulia bustanini. Sadie alimkamata kaka yake mkono mlangoni.

"Unataka kumtazama mguu," alinong'ona.

"Nataka ukweli."

"Mtu kazaliwa Pittsburgh, anafanya kazi benki. Mguu wake unajua nini?"

"Mguu unamfuata baba, Sadie. Hata ukizaliwa mwezini."

Katika kijiji chao cha Tullyharnan hakuna asiyeijua kanuni hiyo. Wapresbiteri, watoto wa walowezi kutoka Uskoti, hukanyaga sepetu kwa mguu wa kulia. Wakatoliki hukanyaga kwa wa kushoto. Mtu anaweza kubadilisha jina, anaweza kukariri zaburi zote, lakini mpe sepetu uone. Matthew alikwisha kuwanyima vibarua kazi kwa kipimo hicho. Hata Dermot Mulhern, Matthew alimjua kuwa Mkatoliki hivyo hivyo, kwa kumwona akichimba mtaro, kabla Olive hajathubutu kumtaja nyumbani.

Mvua ilikuwa imekatika. Lyle alisimama mwanzoni mwa tuta la viazi, akaishika sepetu, akaiangalia kidogo. Kisha akainua mguu wa kushoto, akakanyaga. Matthew hakuondoa macho kwenye kiatu. Udongo ulikatika bila taabu, viazi vikachomoza, vyeupe na vyenye maji.

"Nimefanyaje?" Lyle aliuliza akicheka.

"Umefanya kama baba zako. Chukua koti lako."

"Samahani, mzee?"

"Mababu zako hawakutoka Uskoti, bwana. Labda jina walilichukua kwa bwana wao, labda waliliokota njiani. Damu yenu ni ya hapa hapa, ya tangu kale. Nenda kawatafute ndugu zako kwenye misa."

Lyle alimgeukia Sadie kutafuta msaada. Sadie alikuwa akiitazama sepetu, iliyosimama peke yake kwenye tuta. Basi mgeni akachukua koti, akafuta tope kwenye viatu vyake vya mjini, na gari la kukodi likateremka barabarani likirusha maji.

"Ulimtoa maskini wa watu Marekani aje kula mkate tu," Sadie alisema. "Na Jumatatu utamwambia nini mwanasheria?"

"Kwamba shamba lote liende kanisani. Bora kanisa kuliko mguu wa kushoto."

"Hata kuliko Olive?"

"Olive ana mume. Akachimbe mitaro naye."

Sadie alikunja mikono kifuani. "Hivi wewe, kaka, umewahi kuchimba na sepetu hiyo?"

"Mimi naitunza."

"Sijauliza hilo."

"Unataka kuona?" Uso wa Matthew ulikuwa mwekundu. "Njoo basi uone Abernethy wa kweli anavyochimba!"

Alipiga hatua hadi tutani, akaing'oa sepetu, akaisimamisha mbele yake na kuushika mpini kwa mikono miwili. Akainua mguu wa kulia, akaushusha kwa nguvu zake zote.

Kiatu kiliparuza ubavu mtupu wa chuma, kikapita moja kwa moja hadi matopeni, na mzee nusura aanguke kifudifudi. Upande huo hapakuwa na pa kukanyaga, wala hapajawahi kuwapo. Bega la sepetu ya Gawn lilikuwa moja tu, kushoto, limelika hadi kung'aa.

"Jaribu huo mwingine, kaka," Sadie alisema.