Kitufe cha Hifadhi

Tangu funguo zipigwe marufuku, mlango wa Bi Siwema ulimfungulia tu mtu ambaye picha yake imo humo. Picha ya Makame, mwanawe aliyeondoka miaka kumi na minane iliyopita, ilikuwamo. Kila asubuhi Bi Siwema akimaliza kuswali aliifungua kwenye kioo cha mlangoni, akasema, "Mungu akuhifadhi, mwanangu," kisha akabonyeza kitufe kilichoandikwa Hifadhi.

Leo binti yake, Mize, aliiona picha ile akashika kichwa.

"Mama, umebonyeza mara ngapi?"

"Kila siku ya Mungu. Si pameandikwa hifadhi?"

"Hakimlindi mtu hicho! Kila ukibonyeza, mashine inaibana picha upya, na sura inafutika kidogo. Hebu tazama, pua iko wapi hapo?"

"Si hiyo hapo," alisema Bi Siwema.

Mize aliona viraka vya kahawia tu.

"Hodi!" Sauti ya mwanamume ilisikika kutoka nje.

"Karibu nyumbani, Makame," mlango ukajibu, ukafunguka.

Mtu mrefu mwenye begi aliingia, na mlango ukajifunga nyuma yake. Bi Siwema alimrukia shingoni akilia. Mize alibaki palepale. Kaka yake alipoondoka, yeye alikuwa na miaka minne. Hakuwa na sura ya kulinganisha ila ile ya mlangoni.

"Mama," mtu yule alisema taratibu.

Nje, mwanamume mwingine akapiga hodi.

"Karibu nyumbani, Makame," mlango ukasema.