Mwendo Aliouoa Alcide Boutte

"Mke wangu hata mumvike gunia, nitamjua," Alcide Boutte alimwambia kinyozi wake, Percy, wakiwa wameketi safu ya mbele kabisa ukumbini. "Miaka kumi na tisa, bwana. Mwendo ule nimeuoa mimi."

Percy akamshauri apunguze majigambo, maana wachezaji walikuwa watano, na wote wangeingia wamefunikwa vinyago vya Kanivali, manyoya mpaka shingoni.

Ugomvi ulianza Alcide alipogundua kwamba Verna, mkewe, ambaye siku za kazi hung'oa watu meno, Jumapili mchana huvua nguo jukwaani, kidogo kidogo, kwa muziki, huku nusu ya New Orleans ikipiga makofi. Akamwambia aache. Verna akamjibu bila kugeuka, anakaanga kambare: "Kule kifungo kinafunguka nikitaka mimi. Nitajie mahali pengine palipo hivyo, nihamie."

Alcide akapeleka kesi kwa mama mkwe. Mama Ottilie ni mwenyekiti wa akina mama kanisani, mwanamke wa kuvaa mikono mirefu hata joto la Agosti likiyeyusha lami. Hapo Alcide alijua kashinda. Mama alimsikiliza mpaka mwisho huku akimenya kamba wa mchuzi, kisha akakata shauri: Verna acheze amefunika uso, kati ya wenzake. Mume akimtambua, mke anaacha. Asipomtambua, mume anafunga mdomo maisha. Verna akakubali. Alcide alitoka pale akipiga mluzi.

Sasa walikuwa wanaingia mmoja mmoja, kila aliyemaliza akibaki pembeni mwa jukwaa.

Wa kwanza alikuwa mrefu mno. Wa pili alimchekesha Alcide. "Hebu mtazame huyu," akamnong'oneza Percy, kwa ule mnong'ono wake unaosikika mpaka mlangoni. "Miguu ya bata. Nani kamdanganya?" Wa tatu alikuwa mwanamume, na wala hakujificha.

Akaingia wa nne, Alcide akakaa wima.

Nyonga ile, inayotangulia kidogo kama inasukuma mlango. Bega lile la kushoto, linalopanda kabla hajageuka. Mwanamke huyo hakuvua chochote ila glavu moja ndefu, kidole baada ya kidole, akaimalizia kwa meno, na ukumbi ukalipuka. Alcide alijikuta kasimama juu ya kiti, anapunga kofia. Moyoni alianza hata kujuta. Kumbe mke wake alikuwa hodari kiasi hiki.

Lakini makubaliano ni makubaliano. Wa tano hata hakumsubiri.

"Wa nne," akatangaza, kidole mbele, watu wote wakimtazama. "Huyo ni wangu. Mwendo ule duniani anao mmoja tu. Teremka, mpenzi, twende nyumbani."

Muziki ukanyamaza. Wa pili akavua kinyago: Verna, mikono kiunoni. Percy akaanza kukagua viatu vyake.

Kisha wa nne naye akavua chake, taratibu, bila haraka yoyote.

"Kaa chini, mkwe wangu," akasema Mama Ottilie. "Glavu ya pili bado."