Mlango wa Pumu

Mama alimfuma binti yake akipuliza inhela ya kuzuia pumu kwenye tundu la ufunguo, hasira zikampanda hadi utosini. Kumbe ndiyo maana dawa haidumu!

"Wewe mtoto, una wazimu? Dawa ya kifua unampulizia nani huko?"

Mtoto akamkazia macho, kifua chake chembamba kikipiga miluzi.

"Si wewe mama uliyesema nikipuliza kila asubuhi inafunga mlango, pumu isiingie? Nimefunga huu, nimefunga wa jikoni, mpaka dirisha!"

Mama akainama kutazama. Kwenye tundu, unga mweupe wa dawa ulikuwa umeganda.

Mtoto akaibamiza inhela sakafuni.

"Sasa mbona pumu inaingia tu?"