Mbilimbi za Bi Mwanaate

Sahani ya jirani yake, Bi Mwanaate, ilikuwa imeletwa tena, imejaa mbilimbi pomoni. Mwanakombo aliitazama akasonya. Alikwisha kuzitia kwenye mchuzi wa samaki, akazianika kwa chumvi, akazipika achari, akazichemsha na sukari. Mumewe alilalamika kwamba meno yamekufa ganzi kwa uchachu wake, hata wali hamudu kuutafuna.

"Ee Mola, nipe subira," alinong'ona.

Sahani ya jirani hairudishwi tupu, ndiyo desturi. Lakini siku hiyo aliiosha, akaifuta, akaipeleka hivyo hivyo, huku akiogopa kwamba anaukata ujirani kwa mkono wake mwenyewe.

Bi Mwanaate, ajuza aliyeishi peke yake, aliipokea akaigeuza chini juu.

"Nimekukosea nini, mwanangu?"

"Hujanikosea, bibi. Ila mbilimbi zako zimetushinda. Nakuomba usilete tena!"

"Haya. Nisipoleta, nani atakuja kunirudishia sahani?"

Mwanakombo akavuta kigoda, akaketi, uso bado ameukunja. Juu ya bati la paa mbilimbi zilidondoka kutoka mtini, ko, ko, wala hakuna aliyeinuka kuziokota.