Vidole Vitatu vya Shomari

Siku hizo kompyuta mpakato zilishaachana na nywila. Zilimjua mtu kwa anavyopapasa kioo, na kwa kuwa wanaolala kitanda kimoja huishia kupapasa sawasawa, ya nyumbani ilimfungukia mke kama mume.

Basi Somoe alipomwona mumewe, Shomari, anatelezesha vidole vitatu kwenda juu, kisha cha mwisho anakikunja kwa madaha, roho ilimchoma.

"Baba Rukia, madaha hayo kakufundisha nani?"

"Nawe mke wangu! Vidole vimechoka tu."

"Vimechoka au vimeoa?"

Shomari akacheka, akaenda kuoga. Somoe akapapasa kioo kwa vidole viwili, kama walivyozoea miaka tisa. Kimya. Akarudia. Kioo kikaandika: "Samahani mgeni, hatujuani."

Mgeni! Kwenye nyumba aliyoifagia mwenyewe asubuhi! Akatelezesha vidole vitatu juu, cha mwisho akakikunja kwa madaha. Maishani mwake hakuwahi kupapasa hivyo.

Kompyuta ikafunguka papo hapo, ikamwandikia kwa bashasha: "Karibu tena, mke wa Shomari."