Mzee Agonga Kitanda

Mvua kubwa ya Agosti ilikuwa imekatika mjini Katy na jua limetoka. Nesi Jerioth alikuwa akimnyoa ndevu mgonjwa wake wa nyumbani, mkulima mzee kutoka kisiwa cha Java, mzee huyo alipoanza kugonga chuma cha kitanda kwa ngumi.

"Anataka nini?" Jerioth alimuuliza binti wa mzee.

Binti alikuwa ameganda mlangoni. "Kijijini kwetu walinzi waligonga mwanzi kuonya watu. Mwizi ana mlio wake, moto una wake. Huo ni wa mafuriko."

"Lakini mvua imeisha, dada."

"Na baba hajainua mkono tangu Pasaka."

Jerioth akarudi nyuma. Zulia lilikuwa limelowa chapachapa, maji yakiingia kutoka nje.

Akatupa wembe, akambeba mzee mgongoni. Ngumi ikaendelea kugonga, sasa begani mwake.